Daftari la Nyumba Kumi

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Methali hii niliisikia kwa bibi yangu nikiwa mtoto, na kwa miaka mingi niliichukulia kuwa ni habari ya majirani tu: kwamba anayeishi ndani ndiye ajuaye ya ndani. Sasa nimekuwa mtu mzima, nimeona kwamba ndani ya methali hiyo mna swali ambalo wazee wetu hawakulazimika kujiuliza. Kata ikishaijua siri ya mtungi, je, kata yenyewe ni ya nani? Na akitokea mtu mwenye fedha akataka kuiazima, atamlipa nani: mwenye kata au mwenye mtungi? Nayauliza haya kwa sababu katika ujana wangu mimi mwenyewe nimewahi kuwa kata.

Mwaka 1981 nilipanga chumba Tandika, wilaya ya Temeke. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba vitatu upande huu wa ukumbi na vitatu upande ule, na uani choo, bafu na mahali pa kupikia. Nyumba haikuwa na dari, na kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati. Jirani akikohoa chumba cha pili ulimwambia pole ukiwa kitandani kwako. Tulijuana mishahara, magonjwa na madeni. Hata hivyo sitasema kwamba hatukuwa na faragha. Tulikuwa nayo, ila haikujengwa kwa matofali. Ilijengwa kwa adabu. Mtu alisikia akajifanya hakusikia. Na yule aliyetangaza ya mwenzake alijua kwamba yake nayo yanajulikana. Kila mmoja alikuwa mtungi na kila mmoja alikuwa kata, na hofu hiyo ya pande zote mbili ndiyo iliyotufanya tuheshimiane.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Vijana wa leo huenda wakahitaji kuelezwa cheo hicho kilikuwa kitu gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya Uhuru, TANU iliigawa nchi katika mashina ya nyumba kumi kumi, na kila shina likamchagua kiongozi wake. Huyo ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa mume na mke, aliyepokea taarifa ya mgeni, aliyetangaza mikutano na kufikisha malalamiko ya watu juu. Chama kilipokuwa kimoja na kushika hatamu, balozi akawa sikio la serikali na mdomo wa wananchi kwa wakati mmoja. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, shughuli za serikali zilihamia ofisi za mitaa, na balozi akabaki kuwa wa chama chake. Lakini katika miaka ninayoisimulia, huwezi kuishi Tandika bila balozi kukujua.

Balozi wetu alikuwa mzee mwenye busara na macho yaliyoanza kuchoka. Jioni moja alinikuta barazani nasoma gazeti. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee Balozi." Akaitikia, akakaa, kisha akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu. "Mwanangu," akasema, "wewe una mwandiko mzuri. Hebu nisaidie kuandika watu wetu." Nikakubali kwa furaha, maana kwa kijana wa miaka ishirini na miwili kupewa daftari la balozi haikuwa heshima ndogo. Nikaandika jina la kila mkazi, umri, mahali alikotoka, idadi ya watoto na kazi anayofanya.

Watu waliandikwa kwa hiari, tena kwa kukimbilia, na sababu yake ilikuwa sukari. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha hazina, fedha za kigeni hazikuwapo, na viwanda vilifanya kazi nusu nusu. Sukari, sabuni, unga, mafuta ya kupikia na hata dawa ya meno viligawiwa kwa mgawo, na mgawo ulikwenda kwa idadi ya watu katika kaya. Asiyeandikwa hakuwapo. Kwa hiyo nyumba zilizokuwa na watu watano zilinitajia saba, na nilipata kuandika mtoto ambaye hadi leo sijamwona. Hapo ndipo nilipojifunza, bila kujua kwamba najifunza uchumi, kwamba jina la mtu lina bei. Jina moja lilikuwa na thamani ya kiasi fulani cha sukari, na bei ikiwa nzuri watu hawatoi majina waliyo nayo tu, bali na wasiyokuwa nayo.

Miongoni mwa waliotajwa alikuwamo kijana mmoja kutoka mikoa ya Kusini, aliyekuwa amejishikiza katika chumba cha ndugu yake katika nyumba ya jirani. Alikaanga karanga uani usiku, na mchana alizunguka nazo akizifunga katika vikaratasi vilivyosokotwa kama pembe. Hakuwa na haja ya kuandikwa. Mwenye chumba ndiye aliyemtaja, ili mgawo wa kaya uongezeke. Nilipofika kwenye safu ya kazi nikasita kidogo. Kuuza karanga barabarani hakukuhesabiwa kuwa kazi. Kazi ilikuwa ya ofisini, kiwandani, dukani kwa leseni au shambani. Nikaandika neno moja: "Hana." Kijana huyo aliamka kabla yangu na kulala baada yangu siku zote, na mimi niliandika kwa mwandiko mzuri kwamba hana kazi.

Hapa sina budi kurudi nyuma kidogo, ili msomaji aone kwamba daftari letu halikuwa la kwanza. Wajerumani walipoweka kodi ya nyumba mwaka 1897, walilazimika kuzijua nyumba, na katika mashamba ya mkonge neno kipande likawa ndiyo kadi ya siku thelathini za kazi ya kibarua. Kenya mambo yalikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake, na wengi walikivaa shingoni katika kibweta cha bati. Ndani yake mwajiri aliandika alimwajiri lini, akamwacha lini, na alimlipa kiasi gani.

Ukilitazama jambo hilo la mwisho kwa jicho la uchumi utaona ubaya wake, hata ukiacha kando fedheha ya kuvaa kibweta kama kengele ya ng'ombe. Watu wawili wanaopatana bei, kila mmoja ana siri yake: muuzaji anajua kiwango cha chini atakachokubali, na mnunuzi anajua kiwango cha juu atakachotoa. Mapatano ni vita ya siri hizo mbili. Kibarua aliyefika kwa tajiri mpya na kipande shingoni alikuwa amekwisha kuisema siri yake kabla hajafungua mdomo. Tajiri aliona kwamba jana alilipwa kiasi gani, naye hakuwa na sababu ya kumwongeza. Lakini tajiri mwenyewe hakuvaa kipande cha kueleza faida yake. Huo ndio mzizi wa jambo zima: hasara huja pale upande mmoja unapojulikana na upande wa pili umejifunika.

Na mji wa Dar es Salaam ulikuwa na historia yake ya kutafuta nani ni nani. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa, na asiye na kazi ya kueleweka aliweza kurudishwa kwao. Uhuru ulipokuja, neno "wahuni" halikuondoka na Waingereza. Mwaka 1976 ilipitishwa operesheni ya kila mtu afanye kazi. Kisha mwaka 1983, mwaka uleule wa msako wa wahujumu uchumi, ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Makusudi yake yaliyotangazwa yalikuwa mema: kila mwenye uwezo wa kufanya kazi afanye kazi, na ardhi ya vijijini isilale bure wakati mjini watu wanapanga foleni ya mkate. Lakini sheria hiyo ilihitaji majibu ya swali moja ambalo askari wa barabarani hawezi kulijibu peke yake: nani hana kazi? Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa, kwa mwandiko wangu.

Sikupata nafasi ya kufikiri sana, na sitaki kujitetea kwa hilo. Walikuja watu jioni, balozi akaniita nilete daftari na kusoma, maana taa ilikuwa hafifu na macho yake hayakumsaidia. Nikasoma. Nilipofika kwenye jina la kijana wa karanga nikasoma na neno lililofuata. Sauti yangu haikubadilika. Alfajiri yake nikasikia lori, na asubuhi watoto waliokuwa wakingoja karanga zao walikaa barazani hadi jua likawa kali.

Balozi hakuwa mtu mbaya. Mwenye chumba hakuwa mtu mbaya. Mimi pia, nadhani, sikuwa mtu mbaya. Kila mmoja alitimiza sehemu yake ndogo kwa nia ya kawaida. Majina tuliyoyakusanya kwa ajili ya sukari yalitumika kwa ajili ya lori, na hakuna aliyerudi kwa wenye majina kuwauliza kama wanakubali biashara hiyo ya pili. Kama ningekwenda nyumba hadi nyumba nikisema, "Naandika wasio na kazi ili wachukuliwe," nisingepata jina hata moja. Nilipata yote kwa sababu nilitaja sukari.

Operesheni hiyo ilipoa mwaka uliofuata. Wengi waliopelekwa vijijini walirudi mjini kwa njia walizozijua wenyewe, na wachuuzi wadogo wakaruhusiwa kukata leseni ambazo watu waliziita za nguvu kazi. Yaani serikali yenyewe ilikubali kwamba kuuza karanga ni kazi. Siku moja ya 1985 nikamwona kijana wangu kwenye kituo cha mabasi Tandika, na sinia lake kichwani. Tulisalimiana vizuri, wala hakununa. Nikanunua karanga. Nikamuuliza sasa anakaa wapi. Akacheka kidogo, akanipa chenji yangu, akasema, "Bwana mkubwa, safari hii usiniandike." Kisha akaenda zake.

Karanga zile zilifungwa katika kipande cha fomu. Nakumbuka kwa sababu niliisoma njiani nikitafuna, kama tulivyozoea wote. Ilikuwa karatasi ya ofisi fulani, yenye jina la mama mmoja, umri wake na maelezo ya ugonjwa wake. Enzi hizo karatasi zilizokwisha kutumika maofisini, mashuleni na hata katika zahanati ziliuzwa kwa uzito kwa wauza maandazi na karanga. Siri za watu ziliuzwa kwa kilo, lakini mnunuzi hakuwa na haja na siri, alitaka karatasi. Bei ya maandishi ilikuwa sifuri. Mama yule alilindwa, kama kulindwa huko kunastahili jina hilo, na ukweli kwamba ingekuwa gharama kubwa mno kuokota karatasi elfu moja kutoka kwa wauza karanga elfu moja na kuzipanga. Nadhani hapo ndipo dunia ilipogeuka bila sisi kuona. Mashine zilipoweza kupanga karatasi milioni kwa dakika chache, karatasi ndiyo iliyopoteza thamani, na maandishi yakawa ndiyo mali.

Kabla sijafika kwenye mashine hizo, nataka nimtendee haki mtu anayesema kwamba kujulikana ni jambo zuri. Yuko mwanasheria wa Marekani, Richard Posner, ambaye mwaka 1978 aliandika kwamba mara nyingi mtu anayedai faragha anataka tu kuficha kasoro zake ili wenzake wafanye naye biashara gizani. Si hoja ya kupuuza. Pale mtaani tulikuwa na duka la Mangi, na Mangi alikuwa na daftari lake la wakopaji. Juu ya meza aliandika kwamba leo ni fedha taslimu, kesho mkopo. Lakini kwa anayemjua kesho ilikuwa leo. Mimi nilikopeshwa mchele mwisho wa mwezi kwa sababu Mangi alijua nafanya kazi wapi na nalipwa lini. Asiyejulikana hakukopeshwa. Kujulikana kulikuwa ndiyo dhamana ya maskini asiye na shamba wala hati ya nyumba. Tena Mangi hakuwa malaika: aliyechelewa sana alikuta jina lake limebandikwa mlangoni pa duka. Lakini Mangi naye alijulikana. Tulijua ratili yake ilivyo, tulijua watoto wake, na akizidisha uonevu tulihamia duka la pili. Daftari lake halikutoka nje ya mtaa.

Simu ya mkononi ilianza kuonekana Dar es Salaam mwaka 1994, kwanza kama kifaa cha wakubwa. Baada ya mwaka 2000 bei ilishuka, na mwaka 2008 fedha nazo zikaanza kutumwa kwa simu. Mimi wakati huo nilikwisha hamia Mbagala, na nakiri kwamba niliipokea kwa mikono miwili, maana niliweza kumtumia mama yangu kijijini bila kumwomba kondakta wa basi. Kuanzia 2009 tukatakiwa kusajili laini, na kuanzia Mei 2019 tukazisajili upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, hadi mwisho wa muda uliosogezwa, Januari 20, 2020. Nilipanga foleni chini ya mwavuli wa kijana mmoja kando ya barabara ya Kilwa, nikabonyeza kidole changu juu ya kimashine chake. Nilikumbuka kibweta cha bati cha Kenya. Lakini niseme kweli, nilikumbuka pia wale matapeli wanaotuma ujumbe kwamba "ile hela itume kwenye namba hii", nikaona kwamba laini isiyo na mwenyewe nayo ni hatari. Faragha ya mwizi humgharimu asiye mwizi. Sikubonyeza kwa kulazimishwa tu. Nilibonyeza nikiwa nusu nimekubali.

Lililonirudisha kwenye daftari langu lilitokea baadaye. Binti wa marehemu dada yangu anauza chakula karibu na soko la Tandale, wilaya ya Kinondoni. Biashara ilipoyumba alipakua katika simu yake programu ya mikopo. Hakuulizwa dhamana, hakutakiwa mdhamini, hakuandika barua. Aliulizwa tu kama anakubali, akabonyeza kwamba anakubali. Aliomba shilingi 50,000, zikamfikia pungufu kwa kuwa ada ilikatwa mwanzoni, na alitakiwa kuzirudisha zote, tena na nyongeza, kwa siku saba. Siku ya nane mimi, niliyekuwa nimekaa Mbagala sina habari, nikapokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Ulimtaja kwa majina yote matatu, ukamwita tapeli, na kunitaka mimi nimwambie alipe. Ujumbe huo huo ulikwenda kwa shemeji zake, kwa katibu wa kikundi chake cha kuweka akiba, na kwa mteja wake mkubwa.

Alikuja kwangu usiku ule ule. "Shikamoo, mjomba," alisema mlangoni, na hakuweza kuendelea. Deni lenyewe tulilimaliza siku ile; halikuwa kubwa. Yule mteja hakurudi kununua chakula kwake.

Tangu usiku ule nimejaribu kuelewa biashara ile inavyokwenda, na naona ni rahisi kuieleza. Mkopeshaji anayekopesha bila dhamana ana hatari kubwa. Angeweza kumchunguza mkopaji, lakini uchunguzi ni gharama. Basi huchukua badala yake orodha ya majina yote yaliyomo katika simu, ambayo kwake ni ya bure, na kuifanya rehani. Rehani ya kawaida ni kitu kinachouzwa deni lisipolipwa: baiskeli, redio, cherehani. Hapa kinachouzwa ni heshima ya mtu mbele ya watu anaowaheshimu. Watu wa mjini wameiita mikopo ya namna hii kausha damu, na sijui jina lililo bora zaidi.

Lakini liko jambo jingine ambalo lilinichukua muda kuliona. Binti yangu alikubali. Mimi sikukubali. Jina langu na namba yangu vilikuwa ndani ya simu yake kwa sababu mimi ni mjomba wake, na yeye, kwa ajili ya shilingi 50,000, alivitoa pamoja na vya watu wengine wote anaowajua. Hakufanya hivyo kwa ubaya, kama vile yule mwenye chumba wa Tandika alivyomtaja kijana wa Kusini bila ubaya. Sukari ukishaiuza imetoka kwako, na mnunuzi akishaila imekwisha. Jina haliko hivyo. Ukiliuza unabaki nalo, mnunuzi analo, anaweza kumuuzia wa tatu na wa nne, na kila mmoja akawa nalo lote. Tena huwezi kuliuza lako peke yake, maana maisha ya mtu yamesukwa pamoja na ya wenzake kama ukili. Ndiyo maana bei ya soko la taarifa za watu haiwezi kuwa bei ya haki: wengi wanaolipa gharama hawakuwapo wakati wa mapatano.

Nchi jirani ya Kenya imeliona jambo hili kabla yetu, na ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu Novemba 2019. Septemba 2023, kamishna anayesimamia sheria hiyo aliitoza kampuni iliyomiliki programu za mikopo za KeCredit na Faircash faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kosa la kutumia majina na namba zilizopatikana kupitia watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Siku zile zile shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Na miezi michache kabla ya hapo, Nairobi ilikuwa imeona jambo la ajabu: maelfu ya watu walipanga foleni katika jumba la mikutano la Kenyatta ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, kwa malipo ya sarafu 25 za kidijitali zilizokaribia shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2, 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe.

Wako waliowacheka wale waliopanga foleni. Mimi sikucheka. Nimewahi kuandika watu waliokimbilia sukari. Wachunguzi watatu wa Marekani, Alessandro Acquisti na wenzake, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio walilofanya katika maduka ya eneo la Pittsburgh. Wanunuzi wengine walipewa kadi ya zawadi ya dola 10 ambayo haikufuatilia manunuzi yao, na wengine kadi ya dola 12 ambayo iliyafuatilia. Kisha kila mmoja akaulizwa kama angependa kubadilisha. Waliopewa kwanza ile isiyofuatilia, karibu nusu walibaki nayo. Waliopewa kwanza ile inayofuatilia, chini ya mmoja kati ya kumi ndiye aliyekubali kupoteza dola 2 apate usiri wake. Ni watu wa mji mmoja na dola zile zile. Maana yake ni kwamba mtu aliyekwisha kuwa na faragha huiona ya thamani, lakini aliyekwisha kuipoteza ni shida kumuuzia tena. Na kama hali ndiyo hiyo kwa watu walioshiba, tusitegemee kwamba mama wa Tandale mwenye sufuria tupu ataweza kuilinda siri yake peke yake dhidi ya neno "Nakubali".

Kwetu Tanzania haki yenyewe si ngeni. Ibara ya 16 ya Katiba, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za binadamu katika mabadiliko ya 1984, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni sheria ya kuitia nguvu haki hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Novemba mwaka huo Benki Kuu ikatangaza kuzizuia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mimi si mwanasheria, lakini niliposoma sheria ile nilitafuta jambo moja tu, nikalipata: kwamba anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanya kwa sababu gani, na asizitumie kwa sababu nyingine isiyopatana na ile ya kwanza. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Kama kanuni hiyo ingekuwapo mwaka 1983, na kama mtu angethubutu kuifuata, sukari ingebaki kuwa sukari.

Sidhani kwamba sheria itatosha. Uhitaji una njia nyingi kuliko mahakama, na programu iliyofungwa leo huweza kufunguka kesho kwa jina jingine. Wala sitaki turudi kwenye ukuta usiofika kwenye bati, maana ule ujirani ulikuwa na ukatili wake pia, na mimi ni shahidi. Ninachosema ni kwamba biashara ya kujuana ni ya haki pale tu anayekujua nawe unamjua, na jina ulilolitoa kwa kazi moja lisipelekwe kwenye kazi nyingine kabla hujaulizwa.

Daftari lile sijui liliishia wapi. Balozi alifariki mwaka 1991, na nilipokwenda mazikoni niliona aibu kuwauliza wanawe. Huenda panya walilimaliza. Huenda pia liliuzwa kwa uzito, na ukurasa wenye mwandiko wangu ukafungiwa karanga, akausoma mtu njiani akitafuna, akaona jina la kijana asiyemjua na mbele yake neno "Hana", asijue kwamba hizo alizokuwa akitafuna ndizo zilizokuwa kazi yake.